Kizazi cha Walimu wa UPE: Historia Fupi ya Ualimu wa Msingi Mpanda na Katavi

Kizazi cha walimu wa UPE (Universal Primary Education, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote) kimemaliza utumishi wake. Kijana aliyeshika chaki mwaka 1976 akiwa na miaka 17 au 18 alifikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2018 au 2019, na waliokuwa wadogo kidogo wakafuata muda si mrefu. Leo ukipita Mpanda mjini, Inyonga, Usevya, Mwese au Karema utawakuta majumbani mwao, wengi wakilea wajukuu, na watu wazima wenye watoto wao bado wanawaamkia: "Shikamoo, Mwalimu." Mkoa huu wa Katavi uliojifunza kusoma, kuhesabu na kuelewana kwa Kiswahili kimoja ni kazi ya mikono yao. Wanawake miongoni mwao wameifanya kazi hiyo mara mbili, kwanza darasani na sasa kwa wajukuu. Historia hii inaandikwa kwa heshima yao, wakati wengi wangali hai na wanaweza kuongeza waliyoyaona.

Kabla ya UPE

Shule ziliingia eneo hili kupitia Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema, ambayo Wabelgiji walianza kuijenga mwaka 1879, wakaigeuza kuwa misheni. Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi inayoitwa Mali leo, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, kisha akasomeshwa udaktari Malta. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Shule za misheni ziliwafikia kwanza watoto wa mwambao. Ndani zaidi, kwa Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, vijiji vilikuwa mbalimbali na msitu wa miombo ulikuwa katikati. Riziki ilikuwa kilimo, asali na uwindaji, na mtoto alihitajika nyumbani.

Mji wa Mpanda wenyewe ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo hayo, na machimbo yakafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki. Kwa miaka mingi treni hiyo ndiyo iliyowaleta walimu wageni: walishuka na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba, kisha wakasubiri lori la kuwafikisha kituo cha kazi.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, chini ya nusu ya watoto waliostahili kuwa shuleni ndio waliokuwa wakisoma, na wasichana walikuwa wachache zaidi. Katika wilaya kubwa yenye watu waliotawanyika kama Mpanda, familia iliyokuwa na mtoto mmoja wa darasa la nne ilimtegemea huyo kusoma barua za ukoo mzima.

Azimio la Musoma

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule aandikishwe ifikapo mwaka 1977. Lengo la awali lilikuwa 1989, na kwa hiyo miaka 12 ilifutwa kwa uamuzi mmoja. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeondolewa mwaka 1973, na Operesheni Vijiji ilikuwa inakusanya watu katika vijiji vya pamoja. Katikati ya miaka hiyohiyo Mpanda ilitolewa mkoa wa Tabora ikaingizwa mkoa mpya wa Rukwa. Mwanakijiji aliyehamia kijiji kipya alikuta mambo mawili yanamngoja: kiwanja cha kujenga nyumba, na kazi ya kufyatua matofali ya darasa.

Mwaka 1974 shule za msingi nchini zilikuwa na watoto wapatao milioni 1.2. Mwaka 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3.3. Majengo yangeweza kusimamishwa kwa miti na nyasi, lakini vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Serikali ikawageukia vijana waliomaliza darasa la saba.

Mwalimu aliyekuwa bado mwanafunzi

Mpango ulioanza mwaka 1976 ulimtaka kijana afundishe na ajifunze kwa wakati mmoja. Kwa saa kadhaa alikuwa darasani na watoto. Saa zilizobaki aliketi na mkufunzi, akasoma masomo yaliyotumwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio vilivyotayarishwa kwa ajili ya walimu. Mafunzo yalichukua takriban miaka 3 na kumalizikia chuoni, ambako walikaa wiki 6 kabla ya kupewa cheti cha daraja la IIIC. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana nchini kwa njia hiyo.

Kwa msichana wa Mpanda nafasi hii ilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kuipima leo. Shule za sekondari zilikuwa chache mno nchini, na kwa miaka mingi chini ya 10% ya waliomaliza darasa la saba walipata nafasi katika sekondari za serikali. Msichana aliyefaulu lakini akakosa nafasi alikuwa na njia moja, nayo ilikuwa kuolewa. UPE ikamfungulia njia nyingine: mshahara kwa jina lake, daftari la mahudhurio mkononi, na sauti ambayo wazazi wa kiume walilazimika kuisikiliza kwenye mkutano wa shule.

Dharau ilikuwapo. Watu walizichukua zile herufi tatu za UPE wakasema ni "Ualimu Pasipo Elimu". Walimu hao walijua upungufu wao kuliko waliowacheka, maana ndio waliokesha na kibatari wakiandika andalio la somo la hesabu ambazo wao wenyewe walizielewa juzi. Lakini idadi ile ndogo ya waliokwenda sekondari inaonyesha uzito wa kazi yao. Kwa watoto walio wengi, shule ya msingi ndiyo ilikuwa shule yote. Chochote ambacho mama wa Sitalike au mvuvi wa Ikola anakijua cha kusoma lebo ya dawa, kupima shamba au kuhesabu chenji, alikipata kwa mwalimu huyo.

Darasa la lugha nyingi

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafukuza maelfu ya watu kuvuka mpaka. Katumba, kando ya reli, ikawa makazi yao. Mishamo ikafunguliwa mwaka 1978. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, Mwese ilikuwa imepokea wakimbizi wa Rwanda. Kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma nao walianza kuteremka na ng'ombe wao. Katika darasa la kwanza la shule moja ungeweza kukuta watoto wa Kibende, Kipimbwe, Kifipa, Kirundi na Kisukuma, wote wakikaa chini, na Kiswahili kikiwa lugha ya nyumbani ya wachache.

Kazi ilianza na silabi ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Vihesabio vilikuwa vijiti na mbegu ambazo kila mtoto alitoka nazo kwao. Kwa watoto ambao lugha ya nyumbani haitenganishi L na R, mwalimu alishika kalamu juu wakasema "kalamu", kisha akajifanya anakula pilau wakasema "karamu", na hilo likarudiwa asubuhi baada ya asubuhi mpaka ulimi ukakubali. Kwa uvumilivu wa namna hiyo, mtoto aliyezaliwa na mkimbizi na mtoto wa mwenye kijiji walipata lugha moja ya kugombana na kupatana. Kuanzia Oktoba 2014, vyeti vya uraia vilipoanza kutolewa kwa Warundi wa mwaka 1972, watu zaidi ya 160,000 katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora walihusika. Watoto wao walikuwa wamesoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili miaka mingi kabla sheria haijawatambua.

Alasiri walimu haohao waliwafundisha watu wazima. Mwaka 1967 Watanzania wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban 67%, na mwaka 1977 walikuwa wameshuka hadi takriban 27%. Binti wa miaka 19 alimfundisha kusoma mama aliyelingana na mama yake mzazi, na ilimpasa afanye hivyo bila kumvunjia heshima. Adabu hiyo haikuwa kwenye mitihani ya chuo.

Miaka migumu, kisha mafuriko ya pili

Baada ya vita ya Kagera ya 1978–79 uchumi uliyumba. Kitabu kimoja kikasomwa na watoto wengi, madawati yakavunjika bila kutengenezwa, mishahara ikachelewa, na katikati ya miaka ya 1980 wazazi wakarudi kuchangia ada. Watoto wakapungua shuleni. Mwalimu mwanamke alifundisha asubuhi, akalima bustani au kukaanga maandazi jioni, akajifungua na kurudi darasani mtoto akiwa mgongoni mwa yaya mdogo. Mwaka 1993 Chama cha Walimu Tanzania kilisajiliwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walimu wakawa na chombo chao wenyewe cha kudai haki.

Januari 2002 ada ilifutwa tena chini ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Nchini, watoto wa umri wa shule ya msingi walioandikishwa walipanda kutoka 59% mwaka 2000 hadi 95% mwaka 2005. Mwalimu aliyeyaona mafuriko ya wanafunzi ya 1977 akiwa kijana aliyaona tena akiwa na mvi za kwanza, na safari hii aliletewa pia watoto wa miaka 10 na 11 wasiojua herufi. Wakati huohuo alitakiwa kujiendeleza hadi daraja la IIIA, na akarudi kusoma usiku, wengine wakiwa na watoto wao kidato cha nne chini ya taa hiyohiyo.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa Machi 2012, makao makuu yakiwa Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Kizazi cha UPE kilistaafu wakati madarasa yanafurika kwa mara ya tatu.

Bibi mwalimu

Kustaafu hakukumtoa mwalimu shuleni, kulihamishia shule nyumbani kwake. Mjukuu akirudi jioni, bibi anaomba daftari kabla ya kuuliza habari za mchezo. Anatazama tarehe ya somo la mwisho. Anatazama kama vema nyekundu imewekwa juu ya hesabu iliyokosewa. Akiiona, humkalisha mtoto wakaifanya upya, na kesho yake huenda kuzungumza taratibu na mwalimu kijana, mama kwa mwanawe, bila kumwaibisha mbele ya wanafunzi. Majirani humletea fomu za mkopo, barua za mahakama ya mwanzo na majina ya watoto wa kuandikisha. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake iliishia kwenye bati la nyumba, sare na madaftari.

Kuna jambo ambalo linamhusu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, idadi kubwa kuliko mkoa wowote nchini. Utafiti wa 2022 ulikuta 34. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Ruhusa hiyo ina maana pale tu penye mtu wa kubaki na mtoto mchanga kuanzia saa moja asubuhi. Mara nyingi mtu huyo ni bibi, na bibi aliyekuwa mwalimu ana nguvu ya ziada: anakwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, anakaa na msichana usiku kumfidia vipindi alivyokosa, na anapofika mjomba anayetaka ndoa ya haraka, anamjibu kwa sauti ileile iliyonyamazisha paredi kwa miaka 40. Mwaka 1976 yeye mwenyewe aliokolewa na nafasi moja. Anajua thamani yake.

Kumbukumbu ihifadhiwe wapi

Mwalimu akifariki, msibani husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alipangiwa shule gani na mwaka gani, alihamishiwa wapi, alipandishwa daraja lini, amestaafu lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Kwa shule nyingi za vijiji karatasi hiyo ndiyo historia kamili kuliko zote, maana inataja vituo na miaka kwa mpangilio. Baada ya mazishi hukunjwa ikawekwa mfukoni mwa aliyeisoma, na mwaka mmoja baadaye hakuna anayejua ilipo.

Kila shule ya msingi ina kitabu cha kumbukumbu ofisini kwa mwalimu mkuu. Familia itoe nakala moja ya wasifu, na shule ibandike nakala hiyo humo. Bora zaidi, wasifu uandikwe mwalimu mwenyewe akiwa hai. Wanafunzi wa darasa la sita waende kwa mwalimu mstaafu wa kijiji chao na maswali machache: ulianza kufundisha mwaka gani, darasa lako la kwanza lilikuwa na watoto wangapi, lilijengwa kwa vifaa gani na akina nani, walimu wenzako walikuwa akina nani, mlikuwa mnasikiliza redio ya nani. Majibu yasomwe shuleni Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani, yeye akiwa amekaa mbele, kisha yaingizwe kitabuni kwa wino. Mwalimu mmoja kwa shule moja ni kazi ya alasiri moja, na inaweza kuanza wiki hii.