Kijana Aliyeuliza Habari za Barafu

Mafundisho ya elimu ya maumbile yaweza kwenda kwa njia mbili. Mwalimu aweza kusema na mwanafunzi akaandika. Au mwanafunzi aweza kupewa chombo mkononi, apime, atazame, kisha aulize. Njia hii ya pili husifiwa sana, lakini walimu wengi huiogopa, kwa maana mtoto aliyeruhusiwa kupima aweza kuona jambo ambalo mwalimu hakulitazamia. Habari za Erasto Mpemba zatuonyesha vema hofu hiyo, nazo zilitokea Tanganyika, si mbali.

Mwaka 1963 Erasto alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, milimani Usambara. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa wanawake wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Nafasi zilikuwa chache na wenye kuzitaka wengi. Siku moja mwenzake alipomwona Erasto anachemsha maziwa, akakimbia, akachanganya ya kwake na sukari bila kuyachemsha, akayaweka upesi. Erasto akaona kwamba akingoja yake yapoe atakosa trei ya mwisho. Basi akayatia yangali ya moto, ijapokuwa alijua aweza kuliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili. Maziwa ya Erasto yamekwisha kuganda, na ya mwenzake yangali mazito tu kama uji.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Erasto akalikubali jibu hilo, kama watoto wakubalivyo neno la mwalimu. Lakini wakati wa likizo akakutana mjini Tanga na rafiki yake aliyepata riziki kwa kutengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba hutia maziwa yakiwa moto, ili yagande upesi. Hivyo jambo lililokataliwa darasani lilikuwa kazi ya kila siku mjini.

Baadaye Erasto alikwenda shule ya Mkwawa, Iringa. Walipofika katika somo la joto, wakafundishwa kanuni ya Newton kwamba kitu hupoa kwa kadiri joto lake linavyozidi joto la mahali kilipo. Erasto akauliza swali lake tena. Mwalimu akalikataa, na kijana aliposhika neno lake akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, darasa zima likasema ni hesabu ya Mpemba.

Sitaki kumlaumu mno mwalimu huyo. Mimi nami nimesimama mbele ya darasa, najua uzito wa swali lisilokuwa na jibu katika kitabu. Tena hoja yake ilikuwa na nguvu: maji ya moto lazima yapite kwanza pale maji ya baridi yalipoanzia, nayo yatawezaje kuyatangulia? Kosa lilikuwa kudhani kwamba tofauti ya maji hayo mawili ni joto tu. Maji ya moto hutoa mvuke mwingi, yakapungua. Hewa iliyomo ndani yake hutoka. Nayo huzunguka kwa namna nyingine chomboni, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Hata chombo cha moto chaweza kuyeyusha utando wa barafu chini yake, kikaligusa jokofu barabara. Hayo yote hayamo katika kanuni ile, na mtu hayajui mpaka ajaribu.

Hata alasiri moja Erasto akakuta maabara ya biolojia i wazi, wala hapana mwalimu. Akachukua bilauri mbili za sentimeta za ujazo 50, moja akaitia maji ya bomba, ya pili maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile ya maji ya moto.

Ndipo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipofika shuleni kuzungumza na wanafunzi. Erasto akasimama, akamwuliza kwa nini maji ya digrii 100 huganda kabla ya maji ya digrii 35. Wenziwe wakaona amewaaibisha. Mgeni akatabasamu, akauliza kama ni kweli amefanya hivyo, kisha akasema atajaribu mwenyewe akirudi Dar es Salaam. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo.

Kazi hiyo akampa fundi wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa! Walipopima kwa uangalifu, wakaona kwamba maji yaliyoanza na digrii 25 ndiyo yaliyokawia kupita yote kuanza kuganda, na yale ya karibu digrii 90 yaliwahi sana. Mvuke peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Aristotle alikwisha kuandika zamani kwamba watu walioyataka maji yapoe upesi huyaweka juani kwanza, na Francis Bacon naye alilitaja jambo kama hilo mwaka 1620. Lakini shuleni lilikuwa limesahauliwa. Wala ubishi haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kiliahidi pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora, na majibu yapata 22,000 yakaja. Mwaka 2016 wataalamu wengine wakaandika kwamba walipopima hawakuona maji ya moto yakipoa upesi kuliko ya baridi, na kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu chomboni kwaweza kumdanganya mpimaji. Huenda mtoto wa kijiji chetu akapima akaona hivi, na wa pili akaona vingine. Basi na waulizane vyombo vyao vilikuwaje.

Mwaka 1969 habari za majaribio hayo zilichapishwa katika gazeti la Kiingereza la walimu wa fizikia. Wakati huo Erasto alikuwa amekwisha kwenda kusomea utunzaji wa wanyama wa porini, katika chuo kilicho karibu na Moshi. Makala ilikuwa na majina mawili, la mwanafunzi na la Dakta, na la mwanafunzi ndilo lililotangulia.