Kura Moja ya Chake Chake: Chaguzi za Zanzibar, 1957–1963

Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika Julai 1957, visiwa vikiwa bado chini ya ulinzi wa Uingereza. Viti vya kugombewa katika Baraza la Kutunga Sheria vilikuwa 6 tu, na waliopiga kura ni wanaume peke yao, tena wenye kutimiza masharti. Hizbu (ZNP), chama kilichoasisiwa 1955 na kilichojipanga vizuri kuliko wapinzani wake, hakikuambulia kiti. Katika jimbo la Ng'ambo, Abeid Amani Karume, kiongozi wa chama cha Afro-Shirazi, alimbwaga Ali Muhsin Barwani wa Hizbu kwa mbali.

Januari 1961 viti vikawa 22, na wanawake nao wakapiga kura. Afro-Shirazi (ASP) ilipata 10, Hizbu 9, na ZPPP, chama cha Muhammad Shamte na wenzake waliojitenga na Afro-Shirazi mwaka 1959, kikapata 3. Chake Chake, Afro-Shirazi ilishinda kwa kura moja. Watu wa ZPPP nao wakagawanyika: wawili wakaenda upande wa Hizbu, mmoja upande wa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, na hakuna aliyeweza kuunda serikali.

Dawa iliyopatikana ni kuongeza jimbo moja Pemba na kurudia uchaguzi. Siku ya kura, 1 Juni 1961, ghasia zilizuka mjini zikaenea mashamba. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu. Safari hii Hizbu na ZPPP walikuwa wameachiana majimbo, wakapata viti 13 dhidi ya 10 vya Afro-Shirazi, ingawa chama hicho kilikuwa na karibu nusu ya kura zote. Shamte akawa Waziri Kiongozi.

Kueleza matokeo hayo kwa kulaumu mipaka ya majimbo peke yake hakutoshi. Afro-Shirazi ilijaza kura nyingi kupita kiasi katika ngome zake za Unguja, na kura za ziada haziongezi kiti. Wapinzani wake walishinda majimbo ya Pemba kwa tofauti ndogo zaidi.

Hali hiyo ilijirudia Julai 1963, viti vilipofika 31. Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13. Hizbu 12, ZPPP 6. Serikali ya vyama hivyo viwili ndiyo iliyopokea uhuru 10 Desemba 1963, ikapinduliwa 12 Januari 1964.