Bushubi kabla na baada ya mpaka

Nilizaliwa Nyakisasa, upande wa Bushubi wilayani Ngara, na mpaka wa ramani kati yetu na Burundi na Rwanda haujawahi kuniingia akilini. Kishubi chetu, na Kihangaza cha jirani zetu wa Bugufi, ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mto Ruvubu unatoka Burundi na kuungana na mto Kagera karibu na Rusumo. Wazee waliuvuka kwa mtumbwi kwenda kuoa, kuzika, kudai ng'ombe wa mahari.

Wajerumani waliposhindwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wabelgiji wakagawana nchi. Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami (mfalme) wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Wenye undugu hawakuulizwa.

Kilichomuumiza bibi yangu zaidi kilikuja baadaye, wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, serikali ilipohamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Sisi hatukuwa watu wa kupangwa barabarani. Kila kaya ilikaa ndani ya migomba yake, na mbolea ya ng'ombe iliishia shinani. Shamba la namna hiyo ni kazi ya vizazi. Bibi aliliacha la kwake akaanza upya kwenye udongo mkavu, na mpaka anafariki aliitaja migomba ile kwa majina ya aina zake.

Kisha Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi akauawa, Warundi wakaja kwetu kama wakimbizi. Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa takriban siku moja. Wageni wa mashirika ya misaada walishangaa kuona wenyeji na wakimbizi wakielewana bila mkalimani. Wangeshangaaje, kama wangejua nani alioa kwa nani?