Takwimu kama somo la pili la shahada: Faida zake na mambo ya kuzingatia

KIDOLE kimoja hakivunji chawa, na aghalabu somo moja halitoshi kumkamilisha msomi wa chuo kikuu.

Ukweli huu huwadhihirikia wanafunzi wengi wafikapo mwaka wa mwisho. Mwanafunzi ametunga hojaji, amezunguka vijijini na sokoni, na amerejea na majibu ya watu 200. Kisha anaketi mbele ya rundo la karatasi asijue pa kuanzia. Baadhi huishia kumlipa mtu mwingine awafanyie uchanganuzi, na siku ya kuutetea utafiti hushindwa kueleza majedwali yaliyomo katika kazi yenye majina yao.

Kusoma takwimu kama somo la pili ni kinga dhidi ya fedheha hiyo. Somo la pili ni mkusanyiko wa kozi chache zinazosomwa sambamba na somo kuu, bila kubadilisha shahada yenyewe. Mwanafunzi wa sosholojia, kilimo, uchumi au biolojia hubakia katika fani yake, ila huongezewa chombo cha kuichunguza.

Kwa kawaida kozi hizo huanza na njia za kukusanya na kufupisha data, kama vile wastani na mkengeuko. Hufuatwa na nadharia ya uwezekano, uteuzi wa sampuli, upimaji wa nadharia tete na uchanganuzi wa uhusiano baina ya mambo mawili au zaidi.

Taaluma iliyozaliwa kazini

Wapo wanaodhani kwamba takwimu isiyosomwa kama somo kuu haina uzito. Historia inawakosoa.

William Sealy Gosset alikuwa mtaalamu wa kemia katika kiwanda cha bia cha Guinness, jijini Dublin. Alihitaji kufikia uamuzi kutokana na majaribio machache tu, na mnamo 1908 alichapisha suluhisho lake akitumia jina la “Student”. Mbinu hiyo ingali inafunzwa vyuoni hadi leo.

Ronald Fisher naye aliajiriwa 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Huko, akichunguza mazao ya mashamba, aliweka misingi ya kupanga majaribio ya kisayansi. Kabla yao, muuguzi Florence Nightingale alikuwa ametumia hesabu na michoro kuonyesha kwamba katika Vita vya Crimea maradhi yaliwaua wanajeshi wengi kuliko majeraha.

Ni bayana, basi, kwamba nyingi ya mbinu hizi zilichipuka katika kuzitumikia taaluma nyingine.

Umuhimu nchini

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Hata hivyo, si kila jambo linaloweza kuchunguzwa kwa kumhesabu kila mtu. Tafiti nyingi za afya, mapato na maoni ya wapigakura hutegemea sampuli.

Asiyesoma takwimu hushangaa vipi watu 1,000 wanaweza kuwakilisha mamilioni. Aliyesoma hujua kwamba sampuli ya idadi hiyo, ikiteuliwa kwa nasibu, huweza kupotoka kwa takriban asilimia 3 juu au chini, katika mara 95 kati ya 100. Hujua pia kwamba ili kupunguza upotofu huo kwa nusu, idadi ya watu sharti ifike takriban 4,000. Zaidi ya yote, hutambua kwamba sampuli iliyoteuliwa kwa upendeleo haiokolewi na wingi wake.

Maarifa hayo humfaa mwanahabari anayeripoti kura ya maoni, afisa wa kilimo anayelinganisha mbegu mbili, na muuguzi anayefuatilia idadi ya wagonjwa zahanatini.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, msingi wa hisabati ni muhimu. Kozi za mwanzo huhitaji aljebra na uangalifu, lakini zile za juu hudai kalkulasi na matriki. Anayekusudia kusomea shahada ya uzamili katika takwimu asiziepuke.

Pili, mwanafunzi aulize mapema katika idara yake iwapo kanuni za chuo zinaruhusu mseto anaoutaka, na iwapo ratiba za masomo hayo mawili hazigongani. Kozi hizi hujengana. Aliyekosa ya mwaka wa kwanza huenda akafungiwa mlango wa zinazofuata.

Tatu, ajizoeshe kutumia kompyuta. Programu ya R hupatikana bila malipo, na inatosha kwa mazoezi na kwa utafiti wa mwisho.

Nne, afahamu mipaka ya somo la pili. Kozi chache hazimfanyi mtu kuwa mtakwimu kamili wala mtaalamu wa hesabu za bima. Tena, takwimu haitengenezi swali zuri la utafiti wala haisafishi data mbovu. Hayo hutokana na umilisi wa somo kuu.

Kwa hivyo, anayechagua takwimu kwa sababu tu amesikia ina soko huenda akachoka njiani. Anayeichagua kwa kuwa ana maswali ya kujibu katika fani yake atauona mwaka wa mwisho kuwa wa mavuno, si wa majuto.