KODI YA NYUMBA DAR ES SALAAM: NANI HUPOKEA, NA KWA KAZI GANI?

Katika darasa moja la siasa nililolifundisha, mada ya siku ile ilikuwa unyonyaji mijini. Nilikuwa nimekwisha kueleza jinsi bepari anavyoishi kwa jasho la wengine, na jinsi mwenye majumba anavyopokea kodi huku amekaa kitako. Ndugu mmoja, katibu wa tawi, akasimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, mama yangu alikuwa mjane. Alikuwa na nyumba moja ya vyumba sita Magomeni. Viwili tukalala sisi, vinne akavipangisha. Kodi ile ndiyo iliyotusomesha. Je, mama yangu alikuwa mnyonyaji?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Nilimjibu kwa haraka kwamba wenye nyumba ndogo ni suala jingine, tukaendelea na somo. Lakini jibu lile halikuniridhisha. Nadharia isiyoweza kumjibu mtoto wa mjane ina kasoro, na kasoro hiyo ni wajibu wetu kuitafuta katika historia yenyewe.

Mkoloni na uhaba wa vyumba

Mjerumani alihamishia makao yake makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Tangu mwanzo mji uligawanywa, na Mwingereza alipochukua nchi aliuendeleza mgawanyo ule ule: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mwafrika wa Kariakoo alijenga nyumba yake juu ya kiwanja ambacho hakikuwa chake. Alikilipia kodi kwa serikali, wala hakuwa na hati ya kudumu ambayo ingemwezesha kukopa benki. Basi alijenga kwa akiba yake na kwa mikono yake ile nyumba tunayoifahamu sote: ujia katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko na choo. Nyumba hiyo haikuwa makazi tu. Kwa fundi aliyezeeka, na hasa kwa mwanamke aliyeachwa au kufiwa, ilikuwa ndiyo pensheni. Mkoloni hakumpa mzee wa Uswahilini pensheni nyingine.

Mishahara nayo ilipangwa kana kwamba kila mfanyakazi ni kijana asiye na familia, ambaye mkewe analima kijijini na kulisha watoto. Mshahara wa namna hiyo ulitosha kulipia kitanda, au chumba cha kushirikiana. Wakati huo huo watu walikuwa wakimiminika mjini. Mwaka 1948 mji ulikuwa na watu wapatao 69,000. Mwaka 1957 walifika karibu 129,000. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mkoloni aliweka sheria ya kudhibiti kodi, lakini sheria ile iliwafaa zaidi wapangaji wa mjini kati wenye risiti na mawakili. Mpangaji wa chumba Kariakoo hakuwa na risiti. Kota chache zilizojengwa Magomeni, Ilala na Temeke katika miaka ya mwisho ya ukoloni hazikuweza kuziba pengo hilo.

Uhuru na suala la ardhi

Mwaka 1958, kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika kupinga mpango wa kuigeuza ardhi kuwa mali ya mtu binafsi ya kuuzwa na kununuliwa. Alisema kwamba mtu ana haki ya kile alichokiongeza kwa kazi yake, lakini ardhi yenyewe hakuiumba yeye. Mwaka 1963 sheria ilifuta umilikaji wa ardhi wa kudumu ulioachwa na wakoloni. Tangu hapo ardhi imebaki kuwa mali ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia.

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na makuti na kujenga za matofali mahali pale pale, Magomeni na penginepo. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa kila nyumba iliyojengwa ilikuwapo iliyobomolewa, kwa hiyo mji ulipata vyumba bora zaidi bila kupata vyumba vingi zaidi. Ilipofika mwaka 1967 mji ulikuwa na watu wapatao 273,000.

Azimio na mwaka 1971

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimtaka kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Sharti hili liliwagusa viongozi wengi kuliko sharti la hisa za makampuni, maana wenye hisa walikuwa wachache, lakini wenye nyumba walikuwa wengi. Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake wa Dar es Salaam kujiunga na TANU tangu siku zake za mwanzo, hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu. Tusimpuuze. Alikuwa anasema kwa niaba ya wanawake ambao mali yao pekee ilikuwa vyumba vinne vya kupangisha. Lakini Azimio nalo lilikuwa na hoja yake: kiongozi anayepokea kodi hawezi kuwa hakimu wa haki kati ya mwenye nyumba na mpangaji.

Tarehe 22 Aprili 1971, miezi miwili baada ya Mwongozo wa TANU, Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majumba. Lengo lilikuwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi. Jengo lililokuwa limepita miaka 10 halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba mwenyewe amekwisha kurudishiwa gharama zake kwa kodi aliyoipokea. Majumba yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba.

Tuizingatie hoja hiyo ya miaka 10, kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima. Sheria ilikiri kwamba kodi ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hulipa jasho: saruji, mabati, ufundi, ukarabati. Sehemu ya pili hailipi kazi yoyote. Hulipwa kwa kuwa nyumba ni chache na mpangaji hana pa kwenda. Ya kwanza ni haki. Ya pili ndiyo unyonyaji. Na ule mpaka wa shilingi 100,000 ulimwacha mjane wa Magomeni na nyumba yake.

Uhaba ulibadili mikono

Kosa letu halikuwa kutwaa majumba. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwenye jumba akiondoka, ile sehemu ya pili ya kodi huondoka naye. Haikuondoka. Mwaka 1978 mji ulikuwa na watu zaidi ya 750,000, na nyumba za umma hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Kodi za Msajili na za Shirika zilikuwa ndogo kuliko thamani ya nyumba. Basi aliyebahatika kuwa na mkataba aliwapangishia wengine kwa bei ya juu, akaweka tofauti mfukoni. Aliyetaka kuachiwa nyumba alidaiwa kilemba, wala kilemba hakikuandikwa katika kitabu chochote. Kodi ndogo nayo haikutosha matengenezo. Paa zikavuja na ngazi zikamomonyoka.

Umma wa Uswahilini ulijijengea wenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iligawa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuboresha Manzese badala ya kuibomoa. Huu ndio mpango uliokaribia kuugusa uhaba wenyewe. Hata hivyo viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye kipato kikubwa kuliko walengwa.

Sheria mpya ya kudhibiti kodi ilipitishwa mwaka 1984. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1991, kwa maamuzi ya Zanzibar, Chama kiliwaruhusu viongozi wake kupangisha nyumba. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa. Kwa hiyo ndani ya miaka 15 hivi mizani iliegemea upande mmoja: udhibiti uliondolewa, na hakimu akaruhusiwa kuwa mwenye nyumba.

Hali ya leo na jibu la swali

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kijana anayeanza kazi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Mshahara huja kwa mwezi, kibarua hulipwa kwa siku, lakini kodi hudaiwa kwa mwaka! Basi mfanyakazi hukopa ili apate kulala, na riba ya mkopo ule nayo ni sehemu ya kodi ingawa haimfikii mwenye nyumba. Mwaka 2022 pia zilifunguliwa nyumba 644 za Magomeni Kota kwa ajili ya familia za wakazi wa zamani wa pale. Ni hatua ya kweli. Lakini ukiilinganisha na idadi ya watu, ni tone katika ndoo.

Sasa nimjibu yule ndugu. Mama yako hakuwa mnyonyaji kwa kuwa na vyumba vinne. Kodi iliyorudisha saruji yake, jasho lake na uangalizi wake wa nyumba ilikuwa haki yake. Lakini kama siku moja alipandisha kodi kwa sababu tu wapangaji watatu walikuwa mlangoni wakigombea chumba kimoja, sehemu ile haikuwa jasho lake. Wala hakuuleta uhaba ule yeye, aliukuta. Kumlaumu mjane kwa uhaba ni kumpiga mbeba mzigo badala ya mwenye mzigo.

Kutokana na hayo makada tunapata kazi tatu. Kwanza, tusisitize viwanja na nyumba za gharama nafuu kwa wingi, kwa sababu uhaba hauondolewi kwa amri. Pili, tutetee sheria ya upangaji itakayolazimisha mkataba wa maandishi, risiti, na kodi inayolipwa kwa kadiri mshahara unavyolipwa. Tatu, kila kiongozi aliye mwenye nyumba akiri hivyo hadharani kabla hajaketi kuamua suala la wapangaji. Lile hitaji la mwaka 1967, kwamba hakimu asiwe mdai, halikufa mwaka 1991. Linatusubiri tulijibu.