Kaa Kwanza: Waliokwenda Kutibu Mioyo Baada ya Maafa

Desemba 2023 nilitumwa Katesh, wilayani Hanang, siku chache baada ya tope na mawe kuporomoka kutoka mlimani alfajiri ya tarehe 3 na kuua watu zaidi ya 80. Nilikuwa na daftari, simu yenye chaji nusu na lile swali ambalo sisi waandishi wa habari tunatembea nalo kila mahali: "Unajisikiaje?" Nilimuuliza mama mmoja mtu mzima, amekaa nje ya darasa ambalo sasa lilikuwa kambi. Mimi nimesimama, simu nimeielekeza mdomoni mwake. Hakujibu. Alivuta kanga yake, akapapasa sakafu pembeni, akasema, "Kaa kwanza, mwanangu."

Nikakaa. Hatukuongea sana. Tulitazama foleni ya mablanketi ikisogea. Habari niliyotuma jioni ile haikuwa na neno lake hata moja.

Lakini neno lenyewe halikuniacha. Niliporudi nyumbani nilianza kusoma juu ya watu wanaokwenda kwenye maafa kwa kujitolea, si kufukua vifusi wala kugawa unga, bali kuhudumia akili na mioyo: madaktari wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia, washauri nasaha. Nilidhani nitakuta historia ya watu waliojua la kufanya. Kumbe ni historia ya watu waliochelewa kujifunza kile alichoniambia yule mama.

Tuanzie Kobe, Japani. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, ardhi ilitetemeka kwa muda usiofika nusu dakika. Watu zaidi ya 6,400 walikufa. Katika miezi iliyofuata, watu zaidi ya milioni moja walikwenda kujitolea, kiasi kwamba Wajapani wenyewe wanauita mwaka ule mwaka wa kwanza wa kujitolea. Ndani ya umati huo walikuwamo madaktari wa magonjwa ya akili kutoka kila upande wa nchi.

Aliyekuwa bingwa wa idara hiyo katika Chuo Kikuu cha Kobe aliitwa Nakai Hisao. Sisi wapenda fasihi tungempenda: ndiye aliyemtafsiri mshairi wa Kigiriki Cavafy kwa Kijapani. Chini yake alikuwapo daktari kijana, An Katsumasa, mwenye umri wa miaka 34, mzaliwa wa Japani katika familia yenye asili ya Korea. Wote wawili walikuwa wakazi wa eneo lililopigwa. Yaani walikuwa waganga na wafiwa kwa wakati mmoja.

Kazi ya kwanza haikuwa mazungumzo hata kidogo. Ilikuwa dawa. Kliniki zilikuwa zimeanguka au kufungwa, na wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za akili au za kifafa kabla ya tetemeko walikuwa wamebaki bila kidonge. Kazi ya pili ilikuwa kuzunguka. Watu walikuwa wamelala kwenye kumbi za michezo za shule, familia ubavuni mwa familia. Wengi waliona aibu kusogelea daktari wa akili. Na kweli, nani anataka jirani anayelala naye ukumbi mmoja amwone anaenda pale? Basi ikabidi madaktari wawafuate watu walipo na waanze na mambo ya kawaida: umelala? Umekula? Baridi je?

Nakai aliandika jambo ambalo nimelisoma mara nyingi. Kwake, mchango mkubwa wa wataalamu waliotoka mbali ulikuwa kuwapo tu. Wenyeji walipojua kwamba yupo mtu wa kuwapokea zamu, waliweza kutumia nguvu zao zote bila kujibakiza. Tena alihimiza maua yaletwe wodini. Maua, katikati ya uhaba wa maji! Lakini alijua kwamba anayehudumia naye ana moyo.

Maneno yaliyoenea Japani wakati ule ni *kokoro no kea*, utunzaji wa kokoro. Neno hilo linabeba akili, hisia na nafsi kwa pamoja, karibu sana na tunavyosema "moyo" tunaposema moyo umevunjika.

Sasa, wakati Kobe wanajifunza hivyo, Magharibi kulikuwa na njia nyingine iliyokuwa inavuma. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kuwa zimamoto, alichapisha utaratibu wa kikao cha kuwasaidia watu wa uokoaji baada ya tukio zito. Kikao kina hatua saba na hufanyika ndani ya siku chache: eleza kilichotokea, eleza ulichowaza, eleza kilichokuumiza zaidi, na kuendelea hadi mwisho. Nia ilikuwa njema, na walengwa walikuwa vikundi vya wafanyakazi wanaofahamiana. Lakini utaratibu ulitoka kwa wazimamoto ukaenda kwa kila aliyepatwa na janga. Ikawa kama chanjo: mtu akishasimulia mapema, hataugua baadaye.

Ni wazo tamu, nami nililiamini. Kazi yangu yote imejengwa juu yake: watu wakisema, watapona.

Watafiti walipoanza kulipima, mambo yakawa magumu. Huko Wales, Jonathan Bisson na wenzake waliwafuatilia majeruhi wa moto, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1997. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliofanyiwa kikao walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Miongoni mwa wasiofanyiwa, ilikuwa asilimia 9. Tuwe wakweli, kundi la kwanza lilikuwa na majeraha mabaya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo si haki kukitwisha kikao lawama yote. Lakini tafiti nyingine zilikusanywa, na uchambuzi wa pamoja uliotoka mwaka 2002 haukuona kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia kiwewe. Iliwezekana hata kikawadhuru baadhi ya watu. Kidonda kinachopekuliwa kabla hakijafunga hakiponi haraka.

Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Desemba 2004, ikaja tsunami ya Bahari ya Hindi. Ni wimbi lile lile lililoua mamia Somalia na kufika hadi pwani yetu. Sri Lanka peke yake walikufa zaidi ya 30,000. Washauri wa kigeni walimiminika, wengi hawajui Kisinhala wala Kitamil, wengine wakiwa na wiki mbili tu za likizo. Mwandishi Ethan Watters ameisimulia habari hiyo katika *Crazy Like Us*, kitabu cha mwaka 2010 ambacho kingestahili uhakiki wake hapa. Anaeleza jinsi wasomi wa Chuo Kikuu cha Colombo walivyowasihi wageni wasiwageuze manusura kuwa wagonjwa, kwa kuwa maana ya msiba hutoka katika jamii ya mfiwa.

Gaithri Fernando, mwanasaikolojia mwenye asili ya Sri Lanka anayefundisha Marekani, alikuwa amewasikiliza watu wa kwao kwa makini. Alikuta kwamba walipoeleza maumivu hawakuanza na yaliyomo kichwani. Walitaja maumivu ya mwili, na zaidi walitaja nafasi iliyovunjika: mimi ni mama wa nani sasa? Nani atanihesabu kuwa wake? Karatasi ya maswali iliyotoka ng'ambo haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Mwaka 2007 mashirika ya misaada ya kimataifa yalitoa miongozo ya pamoja, yenye picha ya piramidi. Chini kabisa, pale panapobeba uzito wote, ni usalama, chakula, maji na makazi. Juu yake ni familia na jamii: kuunganisha waliopotezana, kuzika kwa heshima, kurudisha shule. Kisha msaada wa watu waliofunzwa kidogo. Mtaalamu yuko kileleni, kwa ajili ya wachache wanaomhitaji hasa. Na vile vikao vya kusimulishana vikawekwa kando.

Nikisoma piramidi ile naona matanga yetu. Turubai linafungwa, sufuria zinaazimwa, mikeka inatandikwa. Ukifika unasema pole, unakaa. Hakuna anayemwambia mfiwa aeleze kilichomuumiza zaidi. Akitaka kusema, masikio yapo.

Nilitaka kumalizia hapo, na ingependeza, lakini nitakuwa nimejisifu bure. Matanga yana siku ya kuanuliwa. Turubai linarudi kwa mwenyewe, sisi tunarudi makazini, na mfiwa anaanza kuongea na ukuta. Kobe waliona hilo wazi: watu waliohamishiwa nyumba za muda, mbali na majirani wa zamani, walikutwa wamekufa peke yao. Na yule ambaye moyo wake umeugua kweli, si huzuni tu, mara nyingi kwetu anaambiwa ajikaze. Huyo anamhitaji mtaalamu, na anahitaji aendelee kuwapo hata kamera zikishaondoka.

An Katsumasa aliendelea kuwapo. Aliandika makala gazetini kutoka ndani ya maafa kwa mwaka mzima, na kitabu alichotoa mwaka 1996 kikapata tuzo kubwa ya Japani. Aliendelea kutibu watu wa Kobe hadi Desemba 2000, saratani ilipomchukua akiwa na miaka 39.

Mimi Katesh nilikaa siku nne. Namba ya yule mama sikuichukua, kwa sababu hakuwa amenipa habari ya kuandika. Sijui amejengewa wapi, wala nani anakaa naye jioni.