Mto Ulionyimwa Daraja: Njia ya Tokaido Kutoka Edo Hadi Kyoto

Wengi wanaopanga safari ya kuiona Japani ya kale huanza na orodha ya mahekalu. Mimi nimeanza na mto. Mto wenyewe ni Oi, unaoshuka kutoka milimani na kumwaga maji baharini katika mkoa wa Shizuoka. Ulikatiza barabara kuu ya nchi, na kwa zaidi ya miaka 250 wenye mamlaka hawakuruhusu daraja la kudumu juu yake.

Mimi ni mtu wa Kilwa, na maisha yangu ya kazi yamepita kwenye barabara na madaraja. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, sisi wa kusini tulikaa Ndundu tukingoja pantoni ituvushe Rufiji. Pale nilijifunza kwamba kivuko kina watu wake: wapo wanaovuka, wapo wanaovusha, na wapo wanaoishi kwa kuwauzia chakula wanaongoja. Kwa hiyo niliposoma habari za Oi niliamua kwamba nitaipita Tokaido, barabara hiyo kuu, kwa gari, kutoka mwanzo hadi mwisho, na nitasimama hasa pale ilipokuwa ngumu. Shemeji yangu anayeishi Nagoya ndiye atakayeshika usukani. Gari litapita kushoto, kama kwetu.

Tokaido ilikuwako tangu kale, lakini sura yake tunayoijua aliipa Tokugawa Ieyasu. Alishinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, na mwaka uliofuata tu akaamuru miji ya njiani iweke watu na farasi tayari kwa ajili ya wajumbe na mizigo ya serikali. Kufikia mwaka 1624 vituo vilikuwa 53 kati ya Edo, ambayo leo ni Tokyo, na Kyoto alikokaa mfalme. Ni mwendo wa kilomita 490 hivi, ambao mtembea kwa miguu aliumaliza kwa muda wa wiki mbili. Vilima vya udongo vilivyopandwa miti vilimwonyesha umbali, kimoja kila baada ya ri moja, yaani karibu kilomita nne.

Mwaka 1635 Iemitsu, mjukuu wa Ieyasu aliyekuwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi, aliwaamuru mabwana wa majimbo, waitwao daimyo, wakae Edo kwa zamu na kurudi kwao kwa zamu. Wake zao na warithi wao walibaki Edo siku zote, na kwa hakika walikuwa rehani. Kila bwana alisafiri na msafara wa mamia ya watu, pengine maelfu, na gharama zote zilitoka katika hazina yake. Bwana anayetumia mali yake barabarani hana ya kununulia silaha. Miji ya njiani ikanenepa kwa nyumba za wageni, wapagazi, wabeba machela na wasuka kandambili za majani makavu.

Tutaanzia Nihonbashi, daraja ambalo umbali wa barabara zote kuu ulihesabiwa kutoka hapo. La sasa ni la mawe, la mwaka 1911, na juu yake imepita barabara ya magari ya mwendo kasi. Hatutakaa sana. Ninakotaka tufike mapema ni Hakone, kwenye milima iliyo kando ya ziwa Ashi, ambako lango la ukaguzi lilijengwa mwaka 1619. Wakaguzi walitafuta hasa wanawake wanaotoka Edo. Mke wa daimyo anayetoroka ni rehani iliyokwenda. Mwanamke alihitaji kibali kilichoeleza sura yake, na palikuwa na mwanamke wa kazi hiyo aliyempekua mpaka ndani ya nywele. Lango lilifutwa mwaka 1869, na lililopo sasa lilikamilika kujengwa upya mwaka 2007 kwa kufuata kumbukumbu za zamani. Karibu na hapo nitamwomba shemeji aegeshe gari tutembee juu ya mawe yaliyotandikwa mwaka 1680. Kabla ya mawe, wanavijiji walitandika mianzi juu ya tope, nayo ilioza ikabidi wakate mingine.

Baada ya Hakone njia inashuka pwani, mlima Fuji ukiwa upande wa kulia siku ya mawingu machache. Tutakula Mariko, nje kidogo ya mji wa Shizuoka, kwenye mkahawa unaojihesabia umri tangu mwaka 1596. Chakula chake ni uji mzito wa viazi vikuu vilivyokunwa, unaomwagwa juu ya wali wa shayiri. Mchoraji Hiroshige aliuchora mgahawa wa Mariko katika picha zake za vituo 53, zilizochapwa mwaka 1833 na 1834.

Kisha Shimada, na mto. Sababu inayotolewa sana ya kuunyima Oi daraja ni ulinzi: jeshi litokalo magharibi likwame kwenye maji kabla ya kufika Edo. Mwaka 1626 Tadanaga, mdogo wake Iemitsu, alitandaza daraja la kuelea juu ya mto ili kaka yake apite akienda Kyoto. Iemitsu alichukizwa, kwa kuwa kizuizi cha babu yao kilikuwa kimefunguliwa. Lakini kama mtu wa madaraja naongeza sababu ya mto wenyewe: Oi una kasi, kitanda chake ni kipana cha changarawe, na mafuriko yake yangezing'oa nguzo za mbao. Halafu ipo sababu ya tatu, ambayo mtu wa Ndundu huielewa upesi. Miji ya Shimada na Kanaya, kila mmoja kwenye ukingo wake, ilikula kwa kivuko hicho.

Hata mashua zilikatazwa. Wasafiri walivushwa na watu. Kuanzia mwaka 1696 ofisi ya mto ilipima maji kila siku na kutangaza bei kwa kipimo cha mwili wa mvushaji: maji ya mapajani, ya chini ya mshipi, ya juu ya mshipi, ya kifuani, ya kwapani. Maji yakipanda, bei ilipanda. Msafiri alinunua tikiti ya karatasi iliyopakwa mafuta isilowe, akampa mvushaji, naye akaifunga kichwani. Maskini alipanda mabegani kwa tikiti moja. Mwenye uwezo alikaa juu ya machela ya mbao iliyobebwa na watu wanne, akalipia wote wanne na machela yenyewe. Kina kikizidi kama sentimita 136 mto ulifungwa, na kila mtu, bwana au mkulima, alingoja. Mwaka 1868 ulifungwa siku 28 mfululizo. Wavushaji walikuwa mamia kila upande, na kazi hiyo baba alimrithisha mwanawe.

Mwaka huohuo wa 1868 utawala wa Tokugawa ulianguka, na mfalme Meiji alisafiri kwa njia hii hadi Edo. Mwaka 1870 serikali mpya iliruhusu mashua, na wavushaji wakabaki bila kazi. Ng'ambo ya mto, kwenye uwanda wa juu wa Makinohara, waliokuwa samurai wa shogun walikuwa wameanza kulima chai mwaka 1869, nao baadhi ya wavushaji wakapewa ardhi hukohuko. Leo Makinohara ni miongoni mwa mashamba makubwa ya chai nchini. Na mwaka 1879 Oi ukapata daraja la mbao, Horai, lenye urefu wa mita 897, lililojengwa ili wakulima wa chai wavuke kwenda shambani. Bado linapitika kwa miguu, na kuna ada ndogo ya kulivuka.

Reli ya Tokaido ilikamilika mwaka 1889, na tangu Oktoba 1, 1964 treni ya Shinkansen huupita mto huo kwa sekunde chache. Abiria wake hukosa kitu muhimu. Huko Shimada mtaa wa wavushaji umehifadhiwa, pamoja na vibanda walimosubiri zamu na ofisi iliyotangaza kina cha maji. Mbele yetu kutakuwa bado na mji wa Seki wenye nyumba za mbao zaidi ya mia mbili, nyumba ya kulala mabwana huko Kusatsu, na mwisho daraja la Sanjo, Kyoto. Vyote nitaviona kwa furaha. Ila nimemwambia shemeji kwamba siku nzima tutaiacha kwa Shimada, kwa sababu mahekalu ya Kyoto yanatuonyesha waliotawala waliabudu nini, na kivuko cha Oi kinatuonyesha amani yao ya miaka zaidi ya mia mbili ilibebwa na mabega ya nani.